Maji Hayana Miguu

Wiki nzima swali moja lilininyima usingizi: Mama ahame kilimani, au abaki?

Swali lenyewe halikuanza na mimi. Lilikuwa la kaka yangu Musyoka, ambaye ana kazi na anaishi Syokimau, kwenye nyumba iliyo mahali tambarare, ambako ukifungua mfereji maji yanatoka bila mazungumzo. "Mwende, magoti ya Mama yamechoka," aliniambia kwenye simu. "Na maji hayafiki huko juu tena. Jumamosi nakuja na pikapu. Anza kufunga vitu vyake." Nikampelekea Mama maneno hayo nikitumaini atakasirika, akatae, tuishie hapo. Hakukasirika. Aliendelea kuchagua maharagwe kwenye ungo, akasema, "Wewe ndiye umesoma. Utakalosema, nitafuata."

Anayenijua anajua kwamba hakuna jambo baya zaidi la kuniambia. Mimi ni mtu wa kusimama dukani nikijiuliza kama ninunue chumvi ya pakiti ndogo au kubwa, na nikishanunua ndogo narudi nyumbani nikiisikitikia kubwa. Basi nikaanza kupima. Akihama, magoti yatapumzika, lakini atamsalimu nani asubuhi? Akibaki, atabaki na watu wake, lakini akiteleza na mtungi kwenye ile ngazi ya mawe? Niliwaza hadi nikaanza kuwaza kwa nini ninawaza. Na kila nilipofumba macho nitafute jibu, nilichopata ni enzi zetu.

Najua umri wangu haujafika wa kusema "enzi zetu." Chuo nimemaliza juzi, na barua zangu za kuomba kazi bado zinazunguka Nairobi zikitafuta mtu wa kuzifungua. Lakini wewe wa rika langu, uliyewahi kunywa maziwa ya shule kwenye pakiti ya pembetatu, kisha ukaipuliza ile pakiti tupu na kuipasua kwa kisigino ili mwalimu aruke, utanielewa. Sisi tulizeeka haraka. Dunia ilibadilika tukiwa bado tumevaa sare.

Mtaa wetu unaitwa Kiimani, na kwa Kikamba maana yake ni kilimani tu. Wazee waliouanzisha hawakujisumbua kutafuta jina. Uko juu ya mji wa Machakos, nyumba za mawe zilizopandana kama watu waliokaa kwenye ngazi kupiga picha, kila moja ikichungulia juu ya paa la mwenzake. Waliojenga walikuwa makarani, wauguzi na walimu, na kila boma lilizungukwa na ua wa kayaba wenye miiba ya kumtoboa ng'ombe. Njia ya kupanda ilikuwa moja, ya mawe, na ilikuwa na adabu yake. Anayeshuka humpisha anayepanda, hata kama anayeshuka ni mzee na anayepanda ni mtoto, kwa sababu anayepanda ndiye ana kazi.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho juu kabisa. Baada yetu kulikuwa na jiwe moja kubwa lenye mgongo wa kiboko, kisha msitu na tumbili, kisha mbingu.

Watoto wa mjini chini walituita mbuzi wa kilima. Hatukujali, kwa sababu siku ya michezo shuleni walikuwa wanaona visigino vyetu tu. Miguu yetu ilikuwa na misuli kama viazi vikuu. Asubuhi tulishuka kwenda shule kwa mbio, mikoba ikitupiga mgongoni, ukungu wa mwezi wa saba ukitulowesha nyusi. Jioni tulipanda polepole tukila matomoko na kutemeana mbegu. Shida ya kukaa juu ilikuwa moja: hakuna uongo uliofika mbali. Siku moja niliingia darasani bila sweta ya shule. Mwalimu akauliza sweta iko wapi. Nikasema Mama ameifua haijakauka, iko ndani jikoni. Mwalimu akaenda dirishani, akatazama kilimani, akasema kwa utulivu, "Mwende, ile ninayoiona inapepea pale kwenu ni sweta au ni bendera? Mbona imekauka vizuri hivyo?" Darasa zima likakimbilia dirishani kuangalia nguo zetu. Kaptura ya Musyoka iliyotobolewa na kayaba ilikuwa pale pia, na huyo alikuwa darasa la nane.

Lakini nilitaka kukueleza habari ya maji, kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kilima kizima kilinyweshwa na bomba moja lililotoka chini. Maji yalikuja asubuhi mbili kwa wiki, Jumanne na Jumamosi, na yalipofika mguuni mwa kilima yalikuwa yamechoka. Kama nyumba za chini zilifungua mifereji yote pamoja, maji hayakupanda, yaliishia hukohuko. Kwa hiyo wazee walikuwa na utaratibu. Nyumba ya chini kabisa ilikuwa ya Mzee Kioko, karani mstaafu aliyevaa tai hata akipalilia. Kwenye mti ulio langoni kwake ilining'inia rimu ya lori. Mfereji wake ukikohoa, alijaza vyombo vyake, akafunga, kisha akaigonga rimu kwa kipande cha nondo. Nyumba ya juu yake ikisikia, inafungua, inajaza, inafunga, inagonga chombo chake. Hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba, maji yakapanda kilima yakifuata mlio.

Kila nyumba ilikuwa na sauti yake. Ungeweza kulala kitandani na kujua maji yamefika wapi. Rimu ya Mzee Kioko ililia kama kengele ya kanisa lenye mafua. Katikati ya kilima Bi Amina aligonga sinia la shaba alilorithi kwa bibi yake, na sinia hilo liliimba. Familia ya Bi Amina ni ya Waislamu wa zamani wa mji huu, waliofanya biashara hapa tangu kabla mji haujawa mji, na Kiswahili chake ndicho kilichokuwa kipimo cha kilima chote. Ulikuwa ukimwambia "hii maji imefika," anakujibu, "Hii gani? Haya. Rudi mlangoni, uje tena, useme vizuri." Nasi tulirudi mlangoni kweli, kwa sababu ndani kulikuwa na kaimati.

Sisi tulikuwa wa mwisho. Mama alisubiri mlangoni, kanga kiunoni, mitungi imepangwa, masikio yamesimama. Jirani aliye chini yetu akigonga, mfereji wetu ulianza kupumua kwanza, fff, fff, halafu ukatema kutu, halafu uzi mwembamba, halafu maji. Baridi yake ilikuwa ya kuuma meno. Tukishajaza, Mama alichukua sufuria kubwa ya kupikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ile nyeusi chini, akaigonga kwa mwiko kwa nguvu zake zote. Mlio huo wa mwisho ulikuwa na maana ya pekee: kila mtu amepata, sasa fungueni mtakavyo, fueni nguo, ogesheni watoto, nywesheni maua. Hakuna aliyethubutu kufua kabla ya sufuria ya Mama. Mwanamke ambaye kanisani alikaa kiti cha nyuma na hakuwahi kuinua mkono kuuliza swali, Jumanne na Jumamosi alitoa ruhusa kilima kizima.

Baba, alipokuwa hai, alipenda kusema, "Maji hayana miguu. Yanapandishwa na watu." Alilisema pia kuhusu mambo mengine, kama karo na ndoa, lakini sisi tulielewa la maji.

Siku moja utaratibu huo ulituchezea. Mwalimu mmoja wa katikati ya kilima alikuwa ameoa, akamleta bibi arusi kutoka pande za Kitui. Siku hizi tunamwita Mama Tito, lakini wakati huo alikuwa msichana tu mwenye aibu. Asubuhi yake ya kwanza tumbili wakashuka kutoka msituni wakaingia kwenye mapera. Yeye akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwao angefanya: akachukua sufuria na kuigonga akipiga kelele. Loo! Bi Amina juu yake akasikia, akafungua mfereji, akaona hauna kitu, akafikiri maji yamekwama, akagonga sinia ili wa juu wajaribu bahati yao. Wa juu wakagonga. Mama akatoka mbio na mitungi. Wenye sabuni wakatoka na sabuni. Kilima kizima kikawa nje kinagonga vyombo, tumbili wakakimbilia vilima vya Mua kwa hofu, na Mzee Kioko akapanda njia ya mawe amevaa fulana na tai, akiuliza kila mlango, "Nani anapitisha maji ambayo hayajafika?"

Bibi arusi alijifungia ndani akilia. Jioni Bi Amina akamwendea na sahani ya kaimati iliyofunikwa kitambaa, akaketi naye, akamweleza milio yote, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka akacheka. Hivyo ndivyo mgeni alivyofundishwa kilima. Hakupewa amri wala tangazo. Alipelekewa sahani. Kuanzia siku hiyo tumbili wakawa wanafukuzwa kwa filimbi.

Usifikiri sisi wa juu tulikuwa wa kupokea tu. Mungu aliyetunyima maji alitupa hewa, na hewa ilikuwa na picha. Tulikuwa na runinga ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliyokula betri ya gari, na kwa kuwa tulikuwa juu ya kila kitu, antena yetu ilishika picha safi wakati nyumba za chini ziliona mvua ya theluji tu. Jioni watu walipanda. Mzee Kioko alikuja kusikiliza taarifa ya habari na kubishana nayo. Vijana walikuja siku za mechi. Musyoka alikaa juu ya paa akizungusha antena huku ndani watu wakipaza sauti, "Hapo! Hapo hapo! Umepitisha, rudisha! Usipumue!" Kuna bao moja la timu yetu ya taifa ambalo Musyoka hajawahi kuliona mpaka leo, ingawa ndiye aliyetuwezesha kuliona. Mama alipika muthokoi kwenye sufuria ileile iliyotoa ruhusa asubuhi, na kila aliyepanda aliondoka na kitu tumboni. Maji yalipanda asubuhi, watu wakapanda jioni. Hakuna aliyewahi kuliita jambo hilo mapatano.

Na michezo! Tulicheza bano, zile gololi za kioo, mpaka vidole vikaota sugu. Tulicheza brikicho, kujificha na kutafutana gizani, kayaba ikitutoa damu, na mama zetu hawakuuliza tulikuwa wapi, waliuliza tu kama tumeosha miguu. Mtungi wa plastiki ukipasuka haukutupwa. Ulikatwa ukawa gari la kutelezea. Ulikaa ndani, mwenzako akakusukuma kutoka kwenye jiwe, na breki ilikuwa ni ua wa mtu. Siku moja tairi letu la kuchezea lilituponyoka juu, likateremka njia yote ya mawe likirukaruka kwa furaha, likapita kwa Bi Amina, likapita kwa Mwalimu, likaingia jikoni kwa Mzee Kioko na kusimama mbele ya jiko kama mgeni aliyealikwa. Mzee alilirudisha mwenyewe, akilivingirisha kupanda mpaka kwetu, akamwambia Baba, "Huyu mtoto wenu amekuja kututembelea bila viatu."

Vijana wa leo wa Kiimani hawajui kuteleza. Wana simu. Na kinachochekesha ni kwamba mtandao haushiki vizuri nyumba za chini, unashika hapa juu, kwenye jiwe letu. Kila jioni wanapanda, wanakaa juu ya mgongo wa kiboko, kila mmoja ameinamisha kichwa. Wako pamoja lakini hawaangaliani. Mwenzake akiwa hapohapo ubavuni, anamwandikia. Wiki ileile ya mawazo nilitoka nikawakuta, nikashindwa kujizuia.

"Enzi zetu tungekuwa tumeshavunja mguu mmoja saa hizi," nikasema.

Salma, mjukuu wa Bi Amina, aliyemaliza kidato cha nne juzi, hakuinua hata macho. "Mwende, na wewe umezeeka lini? Kila siku enzi zetu, enzi zetu. Enzi zenu mlikuwa mnakunywa nini, hewa?"

"Maji," nikajibu.

"Sasa si mkunywe!"

Wakacheka. Nami nikarudi ndani, lakini neno lile likanifuata mpaka jikoni, kwa sababu mtungi wetu ulikuwa umebaki na maji ya kufunika kitako chake.

Maana mambo yalikuwa yamebadilika polepole, bila siku moja ya kusema hapa ndipo. Watu walinunua runinga zao na madishi yao, hawakuwa na sababu ya kupanda. Mzee Kioko aliuza nyumba akarudi shambani kwake Katelembo. Aliyenunua, Bwana Mutua, akafunga geti la chuma, akaweka tangi jeusi kubwa kama kanisa, na pampu. Pampu ikinguruma asubuhi, bomba lote linanyonywa. Nyumba kadhaa zilizo juu yake zikaiga. Rimu haikulia tena. Mama alianza kushuka na mtungi mpaka kwa Bi Amina, ambaye bado alibakiza kidogo kwa ajili yake, kisha akapanda nao akipumzika kila kona. Alipoanza kupumzika hata mahali pasipo na kona, Musyoka akapiga simu ile.

Na sisi watu wa juu tulifanya nini? Tulinyamaza. Hilo ndilo kosa la watu wa hapa: tukikosewa, tunakuwa na adabu zaidi. Mama alipokutana na Bwana Mutua njiani alimsalimu kwa uchangamfu zaidi kuliko wengine, ili asije akadhani ana kinyongo.

Ijumaa, siku moja kabla ya pikapu, nilikuwa nimeanza kufunga vitu. Nikachukua ile sufuria ya muthokoi niiweke kwenye sanduku, Mama akaiona. Hakusema usifunge. Aliuliza tu, "Huko Syokimau, jirani wa juu ya Musyoka ni nani?"

"Ni gorofa, Mama. Kuna watu juu, kuna watu chini."

"Wanajuana?"

Nikafikiria kumdanganya. Kisha nikakumbuka ile sweta. "Sidhani."

"Aiya," akasema taratibu, akaendelea kukunja shuka.

Nilitoka nje. Nilikaa kwenye jiwe, peke yangu kwa mara hii, nikatazama chini, geti baada ya geti. Nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza tangu mwanzo: Bwana Mutua, je, kuna mtu aliyewahi kumpelekea sahani?

Nikateremka kwa Bi Amina. Nikamwuliza hivyohivyo. Akavua miwani. "Mimi nilidhani Mama Tito atakwenda," akasema. "Naye bila shaka alidhani nitakwenda mimi. Salma! Washa jiko."

Sitasema kwamba nilishuka njia ile kwa ujasiri. Nilishuka nikipanga sentensi na kuzipangua. Vipi akinifukuza? Vipi asiponifukuza, nikakosa la kusema? Mbele ya geti nilisimama mpaka kaimati zikaanza kupoa, na ni hilo lililonisukuma, kwa kuwa kaimati baridi ni matusi. Nikabisha. Mbwa akabweka. Mlango mdogo wa geti ukafunguka, akatokea mwanamume mnene mwenye kandambili, akaangalia sahani.

"Ni ngapi?"

"Nini ngapi?"

"Hizo. Unauza ngapi ngapi?"

"Siuzi. Ni zako."

Hapo akaogopa zaidi. Akarudi hatua moja. "Wewe ni wa kanisa gani?"

"Mimi ni Mwende, wa ile nyumba ya juu kabisa. Mtoto wa Mama Musyoka."

"Aaa, kwa jiwe!" Uso ukamfunguka. "Huko ndiko Brayo wangu anashinda na simu. Ingia, ingia. Habari ya Mama?"

"Nzuri. Lakini anahama kesho." Sentensi zote nilizopanga zilikuwa zimetoroka, ikabaki hiyo. "Maji hayafiki kwetu."

"Hayafiki?" Alinitazama kama mtu aliyesema jua halifiki. "Kwani nyinyi hamna kisima? Mimi najua watu wa juu wako na kisima."

"Nani alikwambia?"

Akafikiri. "Hakuna mtu. Niliona tu. Mtu anakaa huko juu, halalamiki, ananisalimia vizuri kila siku. Si lazima ako na kisima?"

Sikujua nicheke au nilie. Nikamweleza. Nilimweleza milio, rimu, sinia, sufuria, tumbili na bibi arusi, na alipoanza kucheka alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Nikamwuliza rimu iko wapi. Akanyoosha kidole. Ilikuwa kando ya ukuta, imejazwa udongo, imeota maua mekundu mazuri.

"Nilikuta imening'inia mtini," akasema kwa aibu. "Nikadhani ni takataka imesahauliwa. Mke wangu anapenda hayo maua sana."

"Basi yaache," nikasema.

"Pampu nitaizima tangi likijaa. Hilo si kitu. Na hawa wa karibu nitaongea nao. Lakini dadangu, kugonga chuma asubuhi mimi sitaweza, watasema nimerukwa na akili."

Kijana wake Brayo alikuwa amesimama mlangoni, kaimati mdomoni, simu mkononi. "Si ni kuflashi tu?" akasema. "Mzee akifunga, nam-flashi Tito. Tito anam-flashi Salma. Haina gharama, unakata kabla hajashika. Salma anam-flashi auntie."

"Auntie ni nani?" nikauliza.

"Si wewe?"

Miaka yangu yote ya chuo ikaanguka chini. Lakini sikubisha. Nilipandisha njia ya mawe haraka kuliko nilivyoshuka, nikigonga mlango kwa mlango, nikieleza kila nyumba zamu yake, na wengine walinicheka, na mmoja akaniambia ninunue tangi kama watu wengine, na Mama Tito akanikumbatia akasema, "Mimi niliwahi kupitisha maji ambayo hayajafika, niache leo nipitishe yaliyofika."

Sikujua kama yatapanda. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe. Mimi ambaye siwezi kununua chumvi bila uhakika, nilikaa kwenye jiwe bila uhakika wowote, nikampigia Musyoka.

"Usilete pikapu."

"Mwende, tuliongea. Na yasipofika?"

"Nitashuka kesho tena na sahani nyingine. Mama habanduki. Nimeamua."

Nadhani hakuwahi kusikia neno hilo kinywani mwangu. "Sasa nije na nini?"

"Njoo na njaa. Na uje na mtungi, wetu mmoja unavuja."

Nikaingia ndani, nikaitoa sufuria kwenye sanduku, nikairudisha jikoni mahali pake. Mama aliiona. Aliweka muthokoi kwenye maji ya kulowekea, yale ya mwisho tuliyokuwa nayo, kama mtu asiye na shaka na kesho.

Jumamosi asubuhi kilima kilikuwa kimya. Nilikaa na simu mkononi kama wale wa kwenye jiwe. Niliikumbuka rimu, sitakuficha. Nilitamani kusikia ile kengele yenye mafua ikianza kule chini na kunipandia polepole, ili nijue tumaini limefika wapi. Siku hizi tumaini linapita angani bila sauti, hulijui mpaka likugonge. Kisha, kutoka katikati ya kilima, nikasikia jambo lililonifanya nisimame. Shaba. Bi Amina alikuwa amekataa habari za kuflashi. Alikuwa amelitoa sinia. Simu yangu ikatetemeka pia, mara moja, ikanyamaza.

Mfereji ukapumua. Fff. Ukatema kutu. Ukatoa uzi, na uzi ukanenepa.

Tulijaza kila kitu, mitungi, beseni, birika, hata vikombe. Kisha Mama akafunga, akajifunga kanga, akachukua sufuria na mwiko, akatoka mlangoni kwa magoti yake yaleyale, akagonga. Alikuwa hajagonga kwa miaka mingi na hakuwa amesahau hata kidogo.

Chini, nyuma ya geti moja la chuma, sauti ya kijana ikapaa. "Nani huyo anapiga sufuria asubuhi yote hii?"

Na kutoka katikati ya kilima Bi Amina akamjibu, kwa Kiswahili kile cha kutufanya sote turudi mlangoni: "Hiyo ni ruhusa, mwanangu. Haya maji sasa ni ya wote. Fungua."